Sauti Mliyotumiwa ni Yangu, Ila Mnara Sina

Haya wadau. Tangu jana kila nikifungua simu nakuta "Shikamoo Mnara", "Mnara upo?", "Mnara mvua huko vipi?", na najua vizuri nani kaanzisha. Yule jamaa wa Tanga, niliyembeba kwenye gari langu, kwa mafuta yangu, kanirekodi kwa simu yake nikijitapa hewani na mnara, na karusha kwenye kundi la Wabongo wa Dallas kabla hata sijafika nyumbani. Sasa sauti imeshafika Houston, na kuna shangazi yangu Mwanza kauliza kama hatimaye nimepata kazi redioni. Kwa hiyo acha niwape habari yenyewe. Ya kwake imetiwa chumvi. Na ya kwangu pia, lakini mimi ndiye mwenye msiba.

Wanaonifuata siku nyingi wanaujua ugonjwa wangu wa redio za ridhaa. Kwa wageni: sio kutangaza FM wala kupiga miziki. Ni watu wenye leseni wanaoongea hewani wao kwa wao, hawalipwi hata senti, na wanatumia pesa nyingi sana kwa ajili ya kutolipwa huko. Hapa Marekani mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, ukipata 26 umepita. Nilipita. Nikapewa herufi zangu za hewani, nikazichapisha kwenye fulana. Halafu nikakaa kimya. Kila nikishika maiki koo linakauka, ulimi unageuka ubao. Nikawa msikilizaji tu, kama mpangaji aliyetega sikio ukutani kusikiliza ugomvi wa chumba cha pili.

Dawa niliyoambiwa ni duka la hizo redio.

Liko nje kidogo ya mji, limebanwa katikati ya duka la magodoro na kliniki ya meno. Jina nalihifadhi kwa sababu bado nataka kurudi. Ukipita haraka hulioni, mpaka uinue macho ukute paa limejaa antena. Najua mtaniuliza, si unanunua mtandaoni tu, tena kwa bei poa? Sawa. Ila mtandaoni hakuna meza ndefu yenye redio zilizowashwa, zimeunganishwa na zile antena za juu, na mtu anakwambia "gusa". Mimi nimekulia kwenye vibanda vya mafundi redio Kariakoo, ambako neno la kwanza mtoto alilofundishwa ni "usiguse". Sasa hapa unakaa kwenye stuli, unazungusha taratibu masafa ya mita 20, anaingia Mbrazili, unazungusha tena, anaingia Mtaliano analalamika mgongo. Jua likiwa na madoa mengi, tabaka la juu la anga linayarudisha mawimbi duniani vizuri zaidi, basi ukibahatika unaangukia mtu wa Japani. Unaweza kuingia saa 4 asubuhi ukatoka njaa ikikuuma na hujanunua hata fyuzi.

Halafu kuna rafu ya mitumba. Vitu vya marehemu vingi, wajane wameleta. Redio ya chuma nzito kama tofali la bloku, pembeni yake ina kikaratasi cha mwandiko wa mtu ambaye hayupo tena: "usizidishe wati 80, inakasirika". Nyuma kuna waya unaokatiwa kwa futi, na kijana anayechomelea kiunganishi cha PL-259 wakati unasubiri, maana ukichomelea mwenyewe kwa pasi ya dola 12 unayeyusha plastiki yote ya ndani (nimewahi, tuendelee).

Na kuna wazee. Wapo kila Jumamosi kwenye stuli zao wanakunywa kahawa ya bure iliyopikwa tangu alfajiri. Mzee wa kaunta aliposikia natokea Tanzania macho yalimtoka. "5H!" akasema. Hizo ndizo herufi zetu za mwanzo hewani, kama Kenya walivyo na 5Z na Uganda 5X. Sio wengi wanaorusha kutoka nyumbani, kwa hiyo kumpata 5H kwao ni kumpata kakakuona mchana kweupe. Waliniuliza nitarudi lini Bongo na redio. Walinipisha stuli, wadau. Mimi! Mtu ambaye hajawahi kusema hata "haloo" hewani. Na sikuwaambia kuwa sijawahi. Hilo mlitunze, litarudi.

Basi jana nikanunua redio ya kwenye gari. Dola 419 kabla ya kodi. Mzee wa kaunta akaja mwenyewe mpaka kwenye Corolla yangu, akaweka antena ya sumaku juu ya paa, akachomeka umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, akaniambia niiache kwenye wati 5, kwa sababu nikiipandisha mpaka 50 fyuzi ya lile tundu itanikimbia. Akaniwekea na masafa ya ripita ya hapo mjini. Ripita ni mtambo uliokaa sehemu ya juu, unadaka sauti yako dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, mji mzima unasikia. Unaingilia masafa haya, sauti inatokea kwenye yale, tofauti kilohezi 600, na kuna toni ndogo kama hodi ya mlangoni. Alimaliza vyote hivyo kwa dakika moja. Akanipiga bega, akasema kwa Kiingereza chake cha Texas, "Sasa uko hewani, kijana." Akarudi dukani.

Jamaa wa Tanga alibaki ndani. Nje joto, ndani kuna kiyoyozi na kahawa. Redio hata hazimhusu, alikuja kwa sababu nilimwahidi nyama choma tukimaliza.

Jambo ambalo sikulijua: juu ya kaunta kuna spika, na ile spika inasikiliza ripita ileile. Kutwa nzima.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo alipopotosha.

Nimekaa kwenye gari, milango nimefunga, kiyoyozi kinapuliza. Maiki sijaitundika bado, nimeiweka kwenye kiti. Nikakaa. Paja langu la kulia likatua juu yake, kwenye kitufe cha kuongelea. Kwenye redio pakawaka kataa kekundu. Kazuri, wadau, kekundu kama pilipili. Nikajisemea, umeona mzigo wa Kijapani, umenikaribisha. Nikapiga simu kwa mama watoto.

"Nimepata redio," nikamwambia.

"Bei gani?"

"Sitini."

"Dola sitini? Na ule waya wa juu ya gari?"

"Humohumo kwenye sitini. Walikuwa wanafunga hesabu."

Ndani ya duka, kwa ushahidi wa watu zaidi ya mmoja, mazungumzo yalisimama. Wazee wakainua vichwa kuitazama spika. Mmoja akauliza hii ni lugha gani. Na jamaa wa Tanga, ambaye angeweza kutembea hatua ishirini akagonga kioo cha gari langu, akaweka kikombe chini, akakohoa, akaanza kutafsiri.

Alitafsiri kwa uaminifu ambao hajawahi kuuonyesha kwenye deni langu la mwaka jana. Alitafsiri "sitini". Mzee wa kaunta akachungulia nakala ya risiti. Alitafsiri "walikuwa wanafunga hesabu". Halafu mama watoto akaniuliza mbona nimechelewa hivyo, na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Si yule babu wa kaunta. Mtu mwema, lakini ukimsalimia tu anakuanzia toka Marconi, yule mwanzilishi wa redio. Na suruali kaipandisha mpaka kwapani, mke wangu, nilikuwa naogopa akipiga chafya itamfunika uso."

Hiyo nayo akaitafsiri. Nasikia alionyesha na kwa mikono.

Ripita ina kipima muda. Mtu akishikilia kitufe dakika 3 mfululizo, inamkata, ili mjinga mmoja asiuunguze mtambo wa watu. Ikanikata. Dukani spika ikanyamaza, wakadhani yamekwisha, wakawa wanajipangusa machozi. Na yangekwisha kweli. Lakini nilimaliza simu nikajisogeza kuvuta mkanda. Paja likanyanyuka, kitufe kikaachia, kipima muda kikaanza moja. Nikafunga mkanda. Nikakaa tena. Palepale.

Kataa kekundu kakawaka tena.

Ninachowaomba sasa ni kunihurumia. Niko peke yangu. Hakuna anayenisikia, kwa ninavyojua mimi. Nina redio mpya, nina lile tatizo la koo. Nikasema, hapa ni kufanya mazoezi. Nikaitazama sura yangu kwenye kioo cha kati, nikashusha sauti mpaka chini kabisa, ile ya msomaji wa taarifa ya msiba wa kitaifa, nikaanza. Kwa Kiingereza. Safari hii hawakuhitaji mkalimani.

Nikaita. Nikataja herufi zangu zote, moja moja, Kilo (ndiyo K ya hewani) na wenzake. Kisha nikajiitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba, kama mtu wa mbali sana. Nikamshukuru yule mtu wa mbali. Nikampa ripoti ya 59, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa ya kusikika vizuri. Naye, mwungwana, akanipa 59. Akaniuliza natumia mitambo gani.

Hapo ndipo shetani alipofungua mlango wa nyuma akakaa.

"Hapa," nikamwambia, "natumia wati 1,500." Ndicho kiwango cha juu ambacho sheria ya Marekani inamruhusu mtu yeyote wa ridhaa, na leseni yangu ya mwanzo hainifikishi huko hata kwa ndoto kwenye masafa ya mbali. "Na antena iko juu ya mnara wangu. Mita 40. Ndiyo, mnara ni wangu mwenyewe. Shambani kwangu." Yule mtu mwembamba wa mbali akashangaa sana. "Mita 40!" nikamsikia akisema, yaani nikajisikia. "Wewe ni mtu mkubwa!" Nikacheka kicheko cha mtu mkubwa. Mnakijua. Kipo kwenye ile sauti mliyotumiwa, sekunde za mwishomwisho, na kuna mtu kakifanya mlio wa simu.

Nikiwa katikati ya kicheko nikamwona mzee wa kaunta anakuja. Anatembea taratibu, anashikilia mlango wa gari jirani kwa kucheka, mimi nikadhani anaumwa nyonga. Akafika dirishani kwangu, akagonga. Nikamwinulia kidole, kile cha "subiri kidogo mzee, niko kwenye mawasiliano." Kweli nilifanya hivyo. Nikamuaga kwanza rafiki yangu wa mbali, nikamtakia 73, yaani kila la heri, kama desturi ya hewani, nikataja herufi zangu tena. Ndipo nikashusha kioo.

Mlango wa duka ulikuwa umeachwa wazi. Nikasema, "Naam, mzee?"

Na dukani, kutoka juu ya kaunta, kwa sauti kubwa na safi, nikasema, "Naam, mzee?"

Sikuelewa. Nikasema, "Nani huyo?" Dukani nikasema, "Nani huyo?"

Mzee hakujibu. Alinyoosha kidole, akakishusha polepole, kupita usukani, kupita mkanda, mpaka kwenye paja langu. Nikatazama. Waya wa maiki ulikuwa unatokea chini yangu kama mkia.

Nikanyanyuka. Kataa kekundu kakazimika. Na hapo, kwa mara ya kwanza, redio yangu ikaweza kupokea, kwa sababu ukiwa umebonyeza husikii mtu. Na waliokuwa wanasubiri hewani walikuwa wengi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, aliniuliza kwa upole kabisa kama mnara wangu una kibali cha halmashauri.

Yaliyobaki ni mafupi. Niliingia ndani nikaomba radhi, mzee akavuta suruali juu zaidi mbele yangu makusudi, wote wakaanguka. Akasema sheria inataka mtu ajitambulishe kila dakika 10 na anapomaliza, na kwamba raundi ile ya pili nimeitimiza kuliko wengi anaowajua. Wakanipa kahawa. Stuli yangu sasa ina kipande cha karatasi kimeandikwa "Mita 40".

Na koo limepona. Jana usiku nimeongea hewani na watu sita, wote walinianza wao, wote waliulizia shamba.

Mama watoto na mke wa huyu jamaa wanacheza mchezo mmoja wa pesa, kwa hiyo nilipofika nyumbani risiti ya 419 ilikuwa inajulikana na kodi yake. Sitasimulia hapo. Niseme tu kwamba mchango wangu wa mchezo mwezi huu umeongezeka kwa tofauti ya 419 na 60, na nimeambiwa kuwa walikuwa wanafunga hesabu.

Na wewe wa Tanga, najua unasoma. Ile nyama choma kamwombe mwenye mnara.