Hedifoni Haijafunguka, Umezoea Wewe

Kuna ushauri unaozunguka sana kwa wapenzi wa muziki: ukinunua hedifoni mpya na sauti yake ikakukera, iache ipige muziki kutwa kucha kwa siku kadhaa, "itafunguka". Watu wanafuata, wiki inapita, na kweli sauti inawapendeza. Basi nao wanakuwa mashahidi. Mimi siamini. Ukiwauliza vizuri utagundua hawakuiacha ipige peke yake. Walikuwa wanaichungulia kila jioni, dakika kumi hapa, nusu saa pale. Mito ya masikioni inalainika kidogo, hilo nakubali, na ikibana vizuri besi huongezeka. Ila yale mabadiliko makubwa wanayosimulia yametokea kichwani mwao.

Chukua hedifoni mbili zinazojulikana, Beyerdynamic DT 990 Pro na Sennheiser HD 650. Zote zina mgongo wazi, yaani nyuma zina matundu ya kupitisha hewa na sauti, zote zina wapenzi wake wa miaka mingi. Ya kwanza imeinua sana sauti kali, yaani zile nyembamba za juu, hasa kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 8,000 hivi. Ya pili imezituliza. Weka taarabu ya zamani, ile ya kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na akodioni. Kwenye DT 990 unazisikia zile kucha anazovaa mpiga kanuni zikigusa uzi, kabla uzi wenyewe haujalia. Vua, vaa HD 650, wimbo uleule, mahali palepale. Kucha zimepotea, kanuni imejificha nyuma ya fidla, na mwimbaji ni kama anaimbia ndani ya chandarua. Wenye ugonjwa wa hedifoni wameshaipa hali hii jina: pazia la Sennheiser.

Sasa usivue. Sikiliza albamu nzima, kanywe chai, rudi, endelea. Mahali fulani katikati ya wimbo wa nne au wa tano pazia halipo tena, na wala hukuona lilipoondoka. Kucha za mpiga kanuni zipo, ndogo, zimekaa panapostahili. Ukirudi kwenye DT 990 ndipo kasheshe: kila "s" inachoma, matoazi yanakwaruza, na unajiuliza uliwezaje kuvumilia kitu hiki jana.

Hedifoni zote mbili ziko vilevile zilivyotoka kiwandani. Kilichohama ni kipimo chako. Ubongo ukikaa na sauti ya aina moja kwa muda huifanya ndiyo hali ya kawaida, na kinachofuata kinapimwa kwa hiyo. Kwa hiyo mtu anayevua moja na kuvaa nyingine akatoa hukumu papo hapo, amehukumu pengo lililo kati ya hizo mbili. Ndiyo sababu sina imani kubwa na maoni ya dakika tano za dukani, hata yakitolewa na mjuzi.

Wala uwezo huu wa kuzoea si jambo dogo. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na kwa umbo lake tu linakuza sauti zilizo karibu na hezi 3,000. Mikunjo ya sikio la nje nayo inaongeza na kupunguza yake, na hakuna watu wawili wenye mikunjo sawa. Ubongo umeyasoma masikio yako tangu utotoni. Halafu unakuja na kipira cha silikoni cha hedifoni ndogo za ndani ya sikio, unakipachika tunduni, na mikunjo yote imerukwa. Mwaka 1998 Hofman na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha jaribio ambalo kwangu ni tamu kuliko mabishano yote ya hedifoni. Waliwawekea watu vibonge vya plastiki masikioni vilivyobadilisha umbo la mikunjo. Mara moja watu wale wakashindwa kutambua kama sauti inatoka juu au chini. Waliendelea kuishi navyo, na ndani ya wiki kadhaa uwezo ukarudi. Vibonge vilipotolewa, hawakuanza upya: masikio yao ya zamani yalifanya kazi palepale. Ubongo ulikuwa umetunza ramani zote mbili.

Jaribio lile lilihusu mahali sauti inapotoka, halikuhusu utamu wa besi, kwa hiyo nisilivute kupita kiasi. Lakini linanifanya niwaelewe watu wenye hedifoni mbili wanazobadilishana kila siku, ambao hawashtuki tena. Anayeshtuka ni yule mwenye moja aliyeazima nyingine kwa rafiki.

Kuna na hila ya ukubwa wa sauti, ambayo inawaponza wengi. HD 650 ina ukinzani wa umeme wa omu 300, DT 990 Pro ya kawaida omu 250, na unyeti wake, yaani sauti inayotoka kwa umeme uleule, haulingani; ukichomeka zote kwenye chombo kimoja bila kugusa kitufe, hazitalia kwa nguvu sawa. Na watafiti wa sauti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza. Iliyoizidi nyingine nguvu hata kidogo tu itaonekana ina besi nene na uhai zaidi, na muuzaji mjanja analijua hilo hata kama hajawahi kusikia jina la Fletcher. Kabla ya kulinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti. Bila hivyo ni kelele tupu.

Hapa sasa natofautiana na wanaosema "subiri tu, utazoea". Kuzoea si ushahidi kwamba kitu ni kizuri. Mtu huzoea hata spika ya daladala iliyochanika. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo halina madhara, na pengine ni neema, maana hedifoni ya bei nafuu itampa raha kamili akishaizoea. Kwa anayechanganya muziki studio ni hatari. Akizoea hedifoni iliyojaa besi, ataipunguza besi kwenye wimbo bila kujijua, na wimbo ukifika kwenye gari la mtu utakuwa mkavu. Ndiyo maana wachanganyaji makini hupenyeza wimbo wanaoufahamu vizuri katikati ya kazi, ili kipimo kirudi mahali pake.

Mimi nina kipimo kingine ninachokiamini zaidi kuliko wimbo wowote: sauti ya mtu ninayemfahamu akizungumza, iliyorekodiwa vizuri, siyo ile ya WhatsApp iliyobanwa. Sauti hiyo ubongo hauisahau kwa urahisi, kwa sababu kila siku unaisikia hewani bila hedifoni. Mwombe aseme "shilingi thelathini na sita", halafu "dhahabu", halafu "sisi sote". Kama "s" inalia kama filimbi, au "th" na "s" zinakaribia kuwa kitu kimoja, tatizo ni la hedifoni, na kuzoea hakutaliondoa, kutalificha tu.

Na usichanganye kuzoea na kuchoka. Sikio lililopigwa na muziki mkubwa kwa saa kadhaa hupungua makali kwa muda, hasa kwenye sauti kali, kwa hiyo hedifoni iliyokuwa inachoma itaonekana imetulia. Hapo hakuna kilichozoewa, umejiumiza. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima.

Shida kwetu ni kwamba maduka mengi yameshabandika karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Huwezi kwenda na hedifoni nyumbani, ukaizoea, ukairudisha. Kwa hiyo anayetaka kununua namwambia aazime kwa mwenzake tangu Ijumaa, ile ya zamani aifungie kabatini, na asiniambie neno lolote mpaka Jumatatu.