Mlimjua lini huyo Atticus?

Jumapili shemeji yangu alinirudishia kitabu changu kikiwa kimefungwa gazeti kama samaki. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtu na heshima zake, hata chai hakuningoja nimalize.

"Shemeji, chukua kitabu chako. Huyu bibi kamharibu mzee wa watu."

Mzee wa watu ni Atticus Finch. Kitabu ni Go Set a Watchman cha Harper Lee, mwandishi wa Marekani, ndiye huyo bibi; ni riwaya yake ya kwanza kuandikwa na ya pili kutoka, na tangu Julai 2015 ilipotoka wasomaji wamegawanyika kambi mbili zisizosalimiana. Wiki ya kwanza tu, Marekani na Kanada zilinunuliwa nakala zaidi ya milioni moja. Kisha vikaanza vilio. Wako wazazi waliojuta kuwapa watoto wao jina la Atticus. Duka moja la vitabu huko Michigan likajitolea kuwarudishia wateja pesa zao. Pesa! Za riwaya! Mimi niliwahi kununua kamusi ya mtumba iliyokosa herufi M yote, na sikurudishiwa hata salamu.

Kosa la bibi ni nini? Mwaka 1960, kwenye To Kill a Mockingbird, alituletea Atticus, wakili Mzungu wa mji mdogo wa Alabama anayemtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka. Tukampenda. Filamu ikaja ikampa sura ya mwigizaji Gregory Peck, tukaisha kabisa. Katika hiki kingine, binti yake, yule Scout, ana miaka 26. Anarudi likizo kutoka New York, anakuta nyumbani kijitabu cha kuwatukana watu weusi, anaambiwa ni cha baba. Anakwenda mahakamani na huko anamkuta mzee ameketi kwenye mkutano wa Baraza la Raia, wale Wazungu waliojipanga kupinga hukumu ya 1954 iliyotaka watoto wa rangi zote wasome pamoja.

Hebu angalieni binti anaketi wapi. Anapanda roshani ya watu weusi, anakaa palepale alipokaa utotoni siku ya kesi. Nadhani wengi wanaolalamika wamepaparuka wakaupita ukurasa huo. Mnaikumbuka roshani ile ya Mockingbird? Kesi imekwisha, Tom kahukumiwa, watu weusi wote wanasimama Atticus akipita chini, na Mchungaji Sykes anamwambia mtoto naye asimame, baba yake anapita. Shemeji akiusoma ukurasa huo sauti humkwama hadi leo. Mimi nililia nikiwa kidato cha tatu.

Nimeurudia nikiwa mtu mzima, nikajikuta nawatazama hao waliosimama. Wameondoka na nini? Tom karudishwa gerezani, na huko atapigwa risasi 17. Wao watashuka ngazi, watarudi makwao upande wao wa mji, na Jumatatu watawapikia Wazungu walewale waliokaa kwenye baraza la wazee wa mahakama. Kesi yenyewe Atticus alipangiwa na jaji. Aliifanya kwa uaminifu, hilo simnyimi. Lakini ni wapi alipowahi kusema watu hao washuke waketi chini pamoja na wengine? Na kwenye kitabu hichohicho tunachokibusu, alipoulizwa habari za Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu lililowatesa na kuwaua watu weusi, aliwaambia wanawe kwamba kilikuwa zaidi chama cha siasa. Tulisoma mstari huo tukaupita kama watu wanaopita msiba wa jirani wasiyemjua. Kwa hiyo mkiniambia bibi kambadilisha mtu, nauliza tu: mlimjua lini?

Haya, yapo ninayoyakubali, na nayakubali kwa shingo upande. Kama riwaya, kitabu kimepwaya. Kina harufu ya rasimu: humu kijana mweusi wa ile kesi anaachiwa huru, halafu hakuna anayestuka. Jack, mdogo wake Atticus, anahutubia kurasa na kurasa kuhusu vita vya zamani mpaka unatamani mtu amletee maji anyamaze. Kisha mwishoni anamzaba binti kofi la kumtoa damu, anampa pombe, na binti anapata akili na kumsamehe baba. Kofi! Hapo mimi na shemeji tuko kambi moja. Kuhusu swali la kama Harper Lee, uzeeni na macho yakiwa yamechoka, alitaka kweli rasimu itolewe miezi michache tu baada ya kufa dada yake Alice aliyekuwa mlinzi wake, jimbo la Alabama lilichunguza likasema hakuna unyanyasaji. Moyo wangu haujatulia, lakini basi.

Ila kuna sura moja ambayo kwangu inalipa deni lote. Kijana mweusi amemgonga mlevi Mzungu kwa gari, mlevi akafa. Kijana ni mjukuu wa Calpurnia, yule mama aliyewalea watoto wa Finch. Atticus anaichukua kesi ili mawakili weusi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, wasiingie mjini. Binti anakwenda kumpa Calpurnia pole, na mama yule anampokea kwa adabu kavu, ya mgeni, Kiingereza cha kuwaongeleshea Wazungu. Binti anavunjika, anamuuliza kama aliwachukia. Calpurnia anakaa kimya muda mrefu, halafu anatikisa kichwa. Basi. Hakuna hotuba.

Nililifungua lile gazeti palepale sebuleni, nikamwekea shemeji ukurasa huo mbele. Alikataa. Dada akamwambia, "Baba Neema, soma tu, haking'ati." Akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, mkono kwenye mgongo wa kiti. Ile nakala yake ya Mockingbird, iliyoshonwa kwa uzi baada ya kusomewa wanafunzi zaidi ya miaka 20, ilikuwa kwenye kabati nyuma yake.

"Kumbe Calpurnia ana wajukuu," akasema.

Kisha akaketi, akauliza kama chai bado ipo. Kitabu nimekiacha huko.