Fidia ya Klabu, Hasara ya Mchezaji wa Kiwango cha Kati

Kila mwezi Machi, dirisha la usajili wa wachezaji huru linapofunguliwa katika ligi ya NFL ya Marekani, mimi huchukua daftari langu na kuichorea kila klabu safu mbili: walioondoka na walioingia. Wakati mashabiki wengi wanafuatilia majina makubwa na mamilioni ya dola, mimi hutafuta kujua kila klabu itapewa nini mwaka unaofuata kwa kuwapoteza watu wake, yaani machaguo ya fidia: nafasi za ziada za kuchagua wachezaji vijana. Kazi hii ya kutabiri nimeifanya kwa miaka kadhaa na ninaipenda sana. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuielewa hesabu yenyewe, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu yake ya chini, ile inayohusu raundi ya sita na ya saba, inawaumiza wachezaji wasio na kosa lolote, na kwamba ligi ingefanya haki kuifuta.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo kidogo. Katika mpira wa Kimarekani hakuna ada ya uhamisho kama tunayoijua. Vijana wanaotoka vyuo vikuu hugawanywa kwa klabu 32 kupitia drafti inayofanyika mwishoni mwa Aprili kwa raundi saba, na klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua. Mwaka 1993 wachezaji waliomaliza mikataba yao walipata uhuru mpana wa kwenda wanakotaka, na kuanzia drafti ya 1994 ligi ikaanza kuzipoza klabu zilizopoteza zaidi kuliko zilivyopata, kwa kuziongezea machaguo mwishoni mwa raundi ya tatu hadi ya saba. Kwa kawaida machaguo hayo ni 32 kwa mwaka, na hakuna klabu inayopewa zaidi ya manne.

Kazi ya mtabiri inaanzia kwenye swali la nani anahesabiwa. Anahesabiwa yule ambaye mkataba wake umefika mwisho, akasajiliwa kwingine. Aliyeachwa na klabu yake kabla ya mkataba kwisha hahesabiwi, na aliyehamishwa kwa mabadilishano baina ya klabu mbili hahesabiwi pia. Mwaka wangu wa kwanza niliwaweka wote katika safu moja, na makadirio yangu yakaharibika kwa karibu nusu ya ligi. Tofauti hiyo ilionekana wazi Washington mwaka 2018. Kirk Cousins, kwotabeki aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya timu hiyo, alimaliza mkataba na kwenda Minnesota kwa miaka 3 na dola milioni 84 zilizohakikishwa zote. Nafasi yake ilichukuliwa na Alex Smith, ambaye Washington ilimpata Kansas City kwa mabadilishano. Kwa kuwa Smith hakuja kama mchezaji huru, ujio wake haukugusa hesabu, na mwaka 2019 Washington ilipata chaguo la fidia la raundi ya tatu.

Baada ya kujua nani anahesabiwa, inabaki kumpima. Kipimo kikuu ni wastani wa malipo ya mkataba mpya kwa mwaka, kisha huongezwa kiasi alichocheza msimu huo na heshima alizopata baada ya msimu. Wachezaji wa ligi nzima hupangwa kuanzia wa juu hadi wa chini: aliyeingia katika asilimia 5 ya juu ana thamani ya raundi ya tatu, asilimia 10 ni raundi ya nne, asilimia 15 ni ya tano, asilimia 25 ni ya sita, na asilimia 35 ni ya saba. Aliye chini ya hapo hana thamani yoyote katika hesabu hii. Kwa miaka mingi ligi haikuiweka kanuni hiyo hadharani, na watu wa nje waliijenga upya kwa kwenda kinyumenyume: walichukua majibu yaliyotangazwa, wakayalinganisha na mishahara, wakasahihisha, wakarudia mwaka uliofuata. Tovuti ya OverTheCap imejijengea jina kwa jedwali lake la kila mwaka, na ninawaheshimu sana watu wa aina hiyo, kwa sababu waliipata kweli kwa subira tu, bila mlango wowote kufunguliwa kwao.

Hata anayeijua kanuni yote bado anaweza kukosea, kwa kuwa mipaka ya raundi huhama. Mishahara ya ligi hupanda kila mwaka, na mchezaji aliyesimama pembeni kabisa mwa mpaka wa raundi ya tano mwezi Machi anaweza kuangukia ya sita mwezi Desemba kwa sababu aliumia goti na kukosa nusu ya msimu. Kwa hiyo majina ya mpakani hunilazimisha kufuatilia mechi za timu ambazo vinginevyo nisingezitazama kabisa.

Sasa nifike kwenye kiini, yaani namna walioingia wanavyowafuta walioondoka. Kila mchezaji huru anayesajiliwa humfuta mmoja aliyeondoka. Kwanza hutafutwa aliyeondoka mwenye thamani ya raundi ileile. Asipokuwepo, hufutwa anayemfuata kwa chini. Na asipokuwepo wa chini pia, hufutwa wa juu aliye karibu zaidi. Tuseme klabu imepoteza watatu, wa raundi ya tatu, ya tano na ya sita. Ikimsajili mmoja wa thamani ya raundi ya nne, atamfuta yule wa raundi ya tano, na chaguo la raundi ya tatu litabaki salama. Lakini tuseme klabu nyingine imepoteza mmoja tu, mwenye thamani ya raundi ya tatu. Ikimsajili mchezaji wa kawaida mwenye thamani ya raundi ya saba, huyo atamfuta yule wa raundi ya tatu, na kilichobaki, kama kitakuwepo, ni chaguo mwishoni kabisa mwa raundi ya saba.

Naomba msomaji aitazame hali hiyo kwa macho ya mchezaji anayesajiliwa. Ana miaka kama 29, amecheza vizuri misimu sita, na soko linasema anastahili dola milioni kadhaa kwa mwaka, si zaidi. Meneja mkuu anayemhitaji anajua kwamba akimlipa stahili yake katikati ya Machi, atapoteza chaguo la raundi ya tatu. Akimlipa kima cha chini cha mshahara, hatapoteza chochote, kwa kuwa mkataba wa kima cha chini hauingii katika asilimia 35. Na akingoja, hatapoteza chochote vilevile. Kuna siku ya ukomo. Zamani ilikuwa tarehe 1 Juni, kisha ikawekwa mapema zaidi, na sasa ni Jumatatu inayofuata drafti, saa kumi jioni kwa saa za New York. Anayesajiliwa baada ya hapo hahesabiwi hata akilipwa vizuri. Matokeo yake ni kwamba mtu huyu hukaa nyumbani kwa wiki sita au saba, na simu inapolia hatimaye, drafti imekwisha kupita, klabu zimechukua vijana wa nafasi yake kwa malipo madogo, na bajeti chini ya ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo ligi inairuhusu klabu kulipa wachezaji wake, imepungua. Mchezaji nyota haguswi na jambo hili, kwa sababu klabu inayomtaka nyota itakubali kupoteza chaguo. Anayeumia ni wa kiwango cha kati.

Ndiyo maana siku hizi daftari langu lina safu ya tatu, ya wale waliosajiliwa baada ya Jumatatu ile. Kila mwaka majina huanza kuingia humo ndani ya siku chache tu, na mengi ni ya watu ambao klabu ziliwahitaji tangu Machi.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu zito. Tom Brady, mmoja wa makwotabeki bora katika historia ya ligi, alichaguliwa na New England mwaka 2000 katika raundi ya sita, akiwa wa 199, na chaguo lile lilikuwa la fidia. Kwotabeki Brock Purdy alikuwa wa 262 na wa mwisho kabisa katika drafti ya 2022. Lilikuwa chaguo la fidia la San Francisco, na baada ya msimu wake wa pili aliifikisha klabu hiyo katika fainali ya Super Bowl ya Februari 2024. Wapo wanaosema kwamba kufuta fidia ya raundi ya sita na ya saba ni kuwafungia mlango akina Brady. Sikubaliani nao. Brady alikuwepo kwenye drafti iwe kuna fidia au hakuna, na klabu nyingine ingeweza kumchukua. Kijana asiyechaguliwa kabisa pia hubaki huru kuzungumza na klabu yoyote saa ileile drafti inapomalizika. Kinachobadilika ni klabu ipi inafaidika, na faida hiyo ya klabu moja haiwezi kupimwa sawa na wiki sita za mtu ambaye miaka yake ya kucheza inahesabika kwa vidole. Dak Prescott, aliyechukuliwa na Dallas mwaka 2016 akiwa wa 135, alipatikana kwa chaguo la fidia la raundi ya nne, na raundi hiyo mimi siigusi.

Tena tuangalie nani anafaidika. Klabu iliyopokea machaguo ya fidia mengi kuliko zote tangu 1994 ni Baltimore, na siilaumu hata kidogo. Chini ya meneja mkuu Ozzie Newsome iliielewa kanuni mapema: ikaacha wachezaji wazuri waondoke, ikasajili walioachwa na klabu nyingine, ikangoja. Ni uongozi mzuri. Ila fidia iliyoanzishwa kama pole kwa aliyepotelewa imekuwa tuzo kwa aliye hodari wa kupanga, na tangu drafti ya 2017, klabu ziliporuhusiwa kuuziana machaguo hayo, imekuwa pia bidhaa. Yale machaguo maalumu yaliyoanza 2021, ya klabu zilizowalea makocha na viongozi kutoka jamii za wachache wakaajiriwa kwingine kuwa makocha wakuu au mameneja wakuu, ni jambo jingine na yana hoja yake. Hayamzuii mchezaji yeyote kusajiliwa.

Pendekezo langu ni kwamba hesabu iishie kwenye asilimia 15 ya juu. Aliye chini ya hapo asiiletee klabu yake ya zamani chochote, wala asiipokonye klabu yake mpya chochote. Machaguo yatapungua, na daftari langu litakuwa jembamba zaidi, kwa sababu majina mengi ya mpakani ninayoyafuatilia usiku hapa Afrika Mashariki, mechi za Jumapili zinapoanza saa mbili au saa tatu, yamo katika asilimia hizo za chini. Nitayakosa. Lakini ile safu ya tatu ndiyo ninayotamani kuiona ikibaki tupu.