Gari Limeinuliwa, Sawa. Propela Je?

Nimechoka na haya matangazo ya 4x4 zilizoinuliwa. Gari limesimama juu, matairi ya inchi 35, taa za ziada kwenye paa, na maelezo yake: "Imeinuliwa inchi 4, springi na shokapu mpya, kila kitu tayari." Kila kitu kipi? Ukikuza picha unaiona propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, imesimama kama ngazi ya kupandia darini, krosi (viungo vya msalaba kwenye ncha zake) zimepinda hadi zinakaribia kugusa yoki, yaani uma zinazozishika, na panhadi rodi, fimbo inayoizuia ekseli isiende pembeni, imeivuta ekseli pembeni kiasi kwamba tairi la upande mmoja limechomoza nje ya bodi kuliko la pili. Tayari kwa nini, labda kwa picha.

Mwenye gari akifika kilomita 80 kwa saa anaona usukani unacheza na gari linatangatanga barabarani. Akiuliza, jibu ni lilelile: funga dampa nzito ya stelingi. Anatokea bingwa mwingine: funga mbili. Jamani, dampa ni shokapu iliyolazwa. Kazi yake ni kumeza mshtuko wa jiwe. Haijui kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia gurudumu ulivyolalia nyuma, haijui bushi (mpira wa kwenye kiungo) iliyochoka. Usukani ukitulia kwa sababu ya dampa, ule mchezo haujaisha, umehamia kwenye tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, na bushi za panhadi, na unazitafuna polepole bila wewe kuusikia.

Tatizo liko kwenye ekseli yenyewe, na hapa ndipo wauzaji wa springi wananyamaza ghafla.

Chukua Land Cruiser 80, Patrol Y61 au Defender. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayorudi nyuma hadi kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, mwisho wa nyuma wa mkono unapanda nayo, na kwa kuwa mbele mkono umeibana ekseli kwa bushi mbili, ekseli nzima inazunguka. Mkono wenye urefu wa mita 1, ukiupandisha inchi 4, yaani sentimita 10, unazunguka karibu digrii 6. Kasta ya kiwandani kwenye gari za namna hii ni digrii 3 hivi. Toa mwenyewe. Umebaki na kasta hasi, na kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Ikiwa hasi, usukani haurudi, unataka kuendelea kukata. Halafu tunalaumu matairi.

Haya, tuseme umekutana na fundi anayejielewa, akakufungia bushi zenye tundu lililosogezwa, au mikono iliyopindwa. Kasta imerudi, usukani mtamu. Lakini difu haiko peke yake. Imo ndani ya ekseli hiyohiyo, kwa hiyo kila digrii uliyoirudisha kwenye kasta umeiinamisha pinioni, ile shafti ya kuingilia difu inapofungwa propela, kwa kiasi hichohicho. Na transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, imepanda juu pamoja na chasisi, inaitazama pinioni kwa mbali. Propela ya sentimita 80 ikiongezewa mteremko wa sentimita 10 inapata takriban digrii 7 zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kwa nini digrii hizo ziwe shida? Kwa sababu krosi ikipinda haizungushi sawasawa. Upande unaoingia unakwenda kwa mwendo mmoja, upande unaotoka unaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Kwenye digrii 20, mwendo wa kutoka unapanda na kushuka kati ya asilimia 94 na 106. Kwa tairi la inchi 33 na difu ya 4.1, ukiwa kilomita 100 kwa saa propela inazunguka kama mara 2,600 kwa dakika, kwa hiyo hilo vuta nikuvute linatokea zaidi ya mara 80 kila sekunde, na wewe unalisikia kama mtetemo. Krosi ya pili imewekwa ili ifute kosa la ya kwanza, ila inaweza tu pale pembe za pande zote mbili zinapolingana na yoki zimepangwa inavyotakiwa. Nimeona propela imefunguliwa, ikarudishwa jino moja pembeni kwenye splaini (meno yanayounganisha vipande vyake viwili), na kwa mtetemo huo mwenye gari akabadilishiwa mauntini, mipira inayobeba injini.

Kwa inchi 4 na kuendelea, dawa inayotajwa ni propela yenye krosi pacha upande wa transfa: krosi mbili zilizobanana, na goroli la katikati la kuzipa mwelekeo. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini inafanya kazi vizuri pale tu krosi ya chini inapokaa karibu na sifuri, digrii 1 au 2, na maana yake pinioni lazima iinuke iitazame transfa. Sasa soma tena ile aya ya bushi za kasta. Kasta inataka pinioni iiname, krosi pacha inataka iinuke, na zote mbili zimo kwenye chuma kimoja! Hakuna bushi itakayoamua ugomvi huo. Kinachouamua ni kukata ncha za ekseli zinazobeba magurudumu, kuzizungusha peke yake mpaka kasta irudi, kisha kuzichomelea upya huku pinioni imebaki juu. Hiyo ni kazi ya vipimo na mchomeleaji makini, ndiyo maana haipo kwenye boksi la springi.

Nikubali, kwa shingo upande: ukiinua inchi 2, bushi za kasta peke yake mara nyingi zinatosha na propela ya kiwandani inavumilia. Inchi 2 hazipendezi kwenye picha, najua.

Nyuma kuna nafuu, kule hakuna kasta ya kuchunga, unageuza pinioni upendavyo. Wenye Jeep Wrangler TJ, zile za 1997 hadi 2006, wanalijua hili kitambo: propela yao ya nyuma ni fupi, kwa hiyo wanaondoa mkia wa transfa wenye yoki ya kuteleza, wanafunga flenji (sahani ya kufungia propela) isiyotembea, kisha krosi pacha.

Panhadi na drag linki, fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi la stelingi kwenda gurudumuni, zikae sambamba. Ukishusha mkono wa boksi la stelingi ukaiacha panhadi juu, kila bonde litakushikia usukani. Wenye ekseli huru za mbele mna kesi yenu ya pembe za shafti za magurudumu, siku nyingine. Na pima urefu wa mipira ya breki magurudumu yakiwa yananing'inia, tafadhali.

Kabla hujanunua chochote, lala chini ya gari na tochi. Angalia vikombe vya krosi. Ukiona unga mwekundu kama kutu umeganda kwenye sili, grisi imekwisha na sindano za ndani, yaani beringi zake, zinasaga chuma kwa chuma. Ikiwa gari lako ni 4x4 ya muda wote na lina loki ya difu ya katikati, fungua propela ya mbele yote, iweke pembeni, funga loki, nenda mwendo uleule unaokusumbua. Mtetemo ukiisha, usiniandikie tena kuhusu balansi ya matairi.