Mwacheni Mwalimu na Benzi Yake

Jumamosi nilipita gereji moja huku Isevya, Tabora, kufuata shokapu, nikaikuta Benzi ya dizeli, E220 CDI, ya mwalimu wangu wa zamani imelala chini ya mwembe, boneti wazi, vumbi limetanda kwenye dashibodi. Vijana waliokuwa wanakunywa kahawa pale hukumu walikuwa nayo tayari: "Si aliambiwa? Dizeli za Ulaya si za huku. Angenunua Toyota." Mwalimu mwenyewe alikuwa kwenye benchi, kimya. Iliniuma. Kiinua mgongo chake kimeingia kwenye gari lile, na analitunza kuliko wengi wetu tunavyotunza nyumba.

"Shikamoo Mwalimu. Imekuwaje?"

"Marahaba mwanangu. Nilijaza mafuta nikitoka Urambo. Sikufika mbali, likazima."

Fundi akanionyesha. Dizeli iliyotoka kwenye filta alikuwa ameimimina kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Chini maji, juu dizeli, kati yake utando mweusi kama masizi. Halafu akachovya kidole kwenye mafuta ya pampu, akakigeuza juani. Kidole kilimeta. Zile zilikuwa chembe za chuma.

Pampu ya injini hizi hailainishwi na oili. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, huku ikiisukuma kwa mgandamizo wa hadi baa 1,600, wakati tairi lako halifiki hata baa 3. Ukiingiza maji humo, au mafuta ya taa ambayo hayana ulaini wa dizeli, chuma kinasaga chuma, na unga wake unasafiri mpaka kwenye nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Ukifika hapo hubadilishi pampu peke yake. Unashusha tanki, unasafisha mabomba yote, unapima nozeli moja moja. Mzee wa watu anabebeshwa gharama yote hiyo kwa sababu ya tanki moja la mafuta machafu, na bado tunamwambia kosa ni lake kwa kununua Benzi!

Neno "kuchakachua" tunalijua sote, na sote tunajua lilivuma kwa sababu ya mafuta. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba mwaka 2010, yaani alama ndani ya mafuta ya kumbaini aliyechakachua, na nawapongeza kwa hilo. Lakini vinasaba havizuii maji kuingia kwenye tanki la chini ya ardhi masika yakikolea. Maji hayo ni ya kupimwa na mwenye kituo. Ipo dawa ya kupaka kwenye kijiti cha kupimia tanki, ikigusa maji inabadilika rangi. Ni kazi ya dakika chache asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Anayeiruka kazi hiyo ameharibu mali ya mtu, na alipe.

Mimi nina gari kama lile, la mwaka 2007. Naenda nalo Dodoma kupitia Itigi na Manyoni, linanipa kilomita 15 kwa lita, na nikiteremka mgongo hauniumi. Naweka mafuta kituo kimoja tu, sinunui ya dumu hata nikwame wapi, na filta nabadilisha kila kilomita 10,000 hata fundi aseme bado nzima.

Haya, spea ni za kuagiza Dar, hilo siwezi kubisha. Na kama safari zako ni Cheyo hadi sokoni na kurudi, usinunue dizeli yenye chujio la masizi kwenye eksozi. Chujio lile linajisafisha kwa joto kali la safari ndefu, na wewe safari hiyo huna.

Wapo pia wanaonitajia Benzi za zamani zisizokufa. Kweli, dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alitembeza 240D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia makumbusho ya Mercedes-Benz. Ila zile zilikuwa na pampu ya kizamani, yenye mgandamizo mdogo zaidi. Mercedes walianza kuuza mfumo huu wa CDI, wenye mgandamizo mkubwa niliousema, mwaka 1997, na hauvumilii uchafu uliokuwa unavumiliwa zamani. Anayekuuzia E220 huku akikusimulia habari za 240D anakupoteza.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Mwalimu kama alichukua risiti. Akafungua droo ya mbele, akatoa bahasha ya kaki. Risiti zote za EFD zilikuwamo, zimepangwa kwa tarehe, ya siku ile ikiwa juu kabisa, na kwa kalamu ameandika kilomita alizosoma kwenye dashibodi wakati anajaza.

Chupa nimemwambia fundi aifunge vizuri na asiimwage. Jumatatu tunakwenda kituoni wawili, mimi nitaendesha.