Mtoto Sina, Ni Kompyuta

Kabla shoga yangu wa saluni hajamaliza kuwasambazia ya kwake, eti nilipanda daladala na kompyuta kama mtoto nikainyonyesha, sikilizeni ya mwenyewe. Sikuinyonyesha. Hiyo ya kunyonyesha ni chumvi yake.

Mnaijua ile kompyuta kuukuu, Pentium 4, ya steshenari yangu pale Mwanjelwa, Mbeya. Tangu baridi la Juni lianze, asubuhi nikibonyeza swichi feni inazunguka kidogo, taa inapepesa, kimya. Mchana jua likishapiga bati, inawaka bila maneno. Nimebadilisha waya, nimehama soketi, nimesugua RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, kwa ufutio, nimeweka betri mpya ya saa yake, CR2032, maana kila siku ilikuwa inaamini tuko mwaka 2002. Wapi! Fundi akaja kupima pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha umeme, akasema kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, zimezeeka. Majimaji ya ndani yanakauka, na baridi likizikuta hali hiyo zinashindwa kutuliza umeme wa kuwashia. Zikipata joto zinajikongoja. (Na nyie mafundi wa mtandaoni, msiifungue hiyo pawa saplai. Hata ukiichomoa ukutani, kapasita zinabaki na umeme wa kukurusha.) Nyingine ikaagizwa Dar, ije na basi.

Ila nina oda ya ratiba za sendofu, na bi harusi hasubiri basi. Nikaipeleka kompyuta nyumbani Uyole, ikalala jikoni kwenye joto. Alfajiri nikaizungushia blanketi, nikaifunga mgongoni kwa kitenge, maana mikononi nina rimu za karatasi na chupa ya chai. Kompyuta yenyewe ni zile ndogo za kulala, si mnara.

Kupanda tu daladala, konda akapaza sauti: "Mpisheni mama mwenye mtoto!"

Kijana akasimama. Uyole mpaka Mwanjelwa, baridi lile, mimi nani nikatae kiti? Nikakaa, nikaupakata mzigo wangu.

Bibi wa pembeni akanigeukia. "Ugonile, mwanangu. Anaumwa?"

Ningesema ni kompyuta, kijana angedai kiti chake. Kwa hiyo nikajibu ukweli mtupu: "Baridi linamsumbua, bibi. Akilala jikoni anaamka vizuri. Nikimwacha dukani, asubuhi haamki."

"Unamwacha dukani? Usiku?"

"Siku zote. Nafunga na kufuli."

Bibi akameza mate. "Hospitali wanasemaje?"

"Nimempeleka kwa fundi."

Hapo akaacha kuuliza. Mkono wake ukaingia ndani ya blanketi. Nauona, unapapasa taratibu, unatafuta kichwa. Ukakuta kona. Ukateremka, ukakuta kona nyingine. Akanitazama usoni, akarudi tena kwenye blanketi, akagonga kwa kidole. Ko, ko.

"Gwe! Jamani, mtoto amekauka!"

Mama wa kiti cha nyuma akaangua kilio. Mzee mmoja akavua kofia. Dereva, Mungu amjalie, hakuuliza hata swali: akawasha taa, akakamata honi, akapita kituo, akapita na kingine, watu wanaotaka kushuka wananyamazishwa na konda, "Kuna msiba humu, hamna utu?"

Nikasema, "Si mtoto!"

Bibi akanikumbatia. "Kufiwa kunachanganya akili, mwanangu."

"Bibi, ni kompyuta!"

"Ndiyo, mama. Ni kompyuta. Lia tu."

Nawaapia, kwa namna alivyokuwa ananibembeleza, machozi yalinitoka kweli. Na waliponiona nalia, ndipo kilio kilipokolea gari zima. Nikafungua blanketi niwaonyeshe, mikono kama minne ikalifunika tena, "Usimwangalie, dada, utaumia." Ni waya wa umeme uliotuokoa. Uliteleza kwenye mkunjo, plagi ya pini tatu ikamdondokea bibi mguuni, to!

Kimya. Mzee akavaa kofia yake.

Kijana akadai kiti. Konda akadai nauli ya mzigo. Nikashushwa kituo ambacho hata si changu, nikarudi kwa miguu. Dukani nikabonyeza mara moja tu, ikawaka. Ratiba zikatoka, pawa saplai ikafika, ikafungwa, sasa inawaka hata kukiwa na umande ndani.

Shida ni wateja. Mtu anaingia kutoa kopi ya kitambulisho, ananiuliza kwanza mtoto ameamkaje. Nimebandika bei mlangoni: kopi shilingi 100, kumjulia hali mtoto 500.