Geti, koti na dera la maua

Jirani yangu ameshaipeleka hii habari kijiweni kwa waendesha bajaji, na leo asubuhi muuza vocha kaniita "dada" mbele ya wateja. Naomba na mimi nisikilizwe. Toleo la jirani linasema mama mkwe alinikuta bustanini nimevaa dera. Ni kweli. Ila kaacha mengi, na hasa kaacha kusema nyundo ilikuwa mkononi mwa nani.

Geti lenyewe ni lile la bustani, linalotazama barabara ya vumbi (sasa hivi ya tope) hapa Uyole. Tangu mvua zikolee lilikuwa halifungi. Mbao za paini zilikunywa maji zikavimba, nguzo yenye bawaba ikalala kidogo, kona ya upande wa komeo ikawa inakwangua chini. Ukisukuma komeo, tundu lake liko vidole vitatu juu. Mbuzi wa mtaa mzima wakapata taarifa. Figiri walimaliza, chainizi wakamaliza, na nilipowakuta kwenye karoti nikamwita jirani, ambaye husema ujenzi uko kwenye damu yao.

Sasa suala la mavazi, maana ndilo mnalolisubiri. Ninyi wa Dar nyamazeni kwanza. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, na mvua ya Machi ikishika, nguo hazikauki, zinabadilisha harufu tu. Suruali zangu zote zilikuwa kambani zinachuruzika. Nikavaa bukta, nikavaa dera la mke wangu, nikalikunja likajaa kiunoni (linashika joto, msibishe), juu nikatupia koti refu la mtumba la Mwanjelwa lililofika magotini, chini mabuti ya mvua. Nikajifunga vifungo hadi shingoni. Kwa nje nilikuwa mzee wa kanisa kabisa.

Mpango wa jirani ulikuwa hivi: mimi nichuchumae upande wa ndani, mgongo kwenye geti, nilinyanyue kwa mabega hadi komeo likutane na tundu. Yeye apigilie mbao ya mshazari ya kulishikilia hapo hapo. Mbao mbili kwa nne, misumari ya inchi 4. Nilimuuliza kama ya inchi 3 haitoshi, akaniangalia kwa huruma.

Nikanyanyua. Aisee, geti la maji ni zito. Mapaja yanatetemeka, mvua inaniingia kolani, jirani kainama nyuma yangu anapiga. Pa! Pa! Msumari wa kwanza. Pa! Wa pili. Nikahisi koti linabana mabegani kidogo, nikadhani ni uchovu. Wa tatu. Wa nne. "Simama sasa uone kazi!"

Nikajaribu kusimama. Sikusimama.

Pindo la koti lilikuwa limeingia kati ya mshazari na fremu ya geti, na misumari minne imepita humo humo. Jirani akazunguka, akatazama, akanyamaza. Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye tuta la karoti. Nyundo yake haina kucha, ni ya kupondea kokoto, kwa hiyo akasema anakwenda kutafuta mtaimbo. Akaondoka. Na lile geti, wadau, wakati huo lilikuwa limefungwa. Komeo tii kwenye tundu.

Mtaniuliza kwa nini nisivue koti. Rudini mkasome habari ya dera.

Nikiwa hapo nimechuchumaa, nasikia bajaji inasimama. Nasikia nauli inajadiliwa kwa Kinyakyusa. Moyo ukasema: hapana, mama anakuja jioni. Moyo uliongopa. Alipanda Hiace ya kwanza kutoka Tukuyu, akashuka njia panda, na sasa yuko nje ya geti na mkungu wa ndizi.

"Hodi!"

"Karibu mama. Shikamoo." Nimeongea nikitazama karoti, kisogo tu ndicho kinaonekana juu ya mbao.

"Marahaba, baba. Mbona unanisalimia kwa kisogo?"

"Nimelishikilia geti, mama."

Kimya. "Basi liachie, nipite."

Akapitisha mkono, akavuta komeo, akasukuma. Geti linafungukia ndani. Polepole sana, mimi nalo, nikaanza kuzunguka: hatua za bata, mabuti yakizama kwenye tope, nikizipita karoti moja moja kama bwana shamba anayekagua. Nusu ya mzunguko buti la kushoto likabaki. Mguu ukabaki na soksi. Nikajivuta kwa nguvu zote za uanaume wangu, vifungo vikaruka, pa pa pa, nikatoka mbele ya koti, nikaanguka kifudifudi, na dera lote likakunjuka. Maua mekundu mpaka kwenye vifundo.

Mama mkwe akatua ndizi. Akalitazama dera muda mrefu.

"Hili si nililomletea mwanangu Krismasi?"

Ndiyo, ni lenyewe.

Yaliyobaki ni mafupi. Jirani alirudi na mtaimbo na simu ikiwa tayari inapiga picha. Mke wangu alicheka akaishiwa sauti, mtoto hadi leo anauliza maswali. Mama mkwe aliosha mikono, akaukagua mshazari, akauliza nani fundi. Kwao Rungwe mvua haichezi, mageti anayajua. "Mbao inaanzia chini kwenye bawaba, inapanda kwenda juu upande wa komeo, ndipo inausukuma uzito kwenye nguzo. Mmeanzia juu kwenye bawaba mkashuka. Ingekuwa waya, sawa, waya unavuta. Hii itachomoa misumari." Jirani, ile damu ya ujenzi, akaangalia mabuti yake. Hiyo sehemu kijiweni hamkusimuliwa, eti?

Mshazari aliugeuza mama mwenyewe, nguzo tukaishindilia mawe, geti linafunga kwa kidole. Atakuwepo mpaka Jumapili, na kesho amesema tunahamia kwenye banda la kuku. Ameshauliza nitavaa nini.